Geji ilisema 5,900: shajara ya kutafuta propela ya boti

Siku ya 1

Boti ni ya faiba, urefu mita 5.2, ya matembezi na uvuvi wa kujifurahisha. Injini ni ya nguvu farasi 70, mipigo minne, imefungwa tezini, yaani nyuma ya boti. Propela iliyokuja nayo ni ya alumini, mapanga matatu, na kwenye kitovu imechongwa 13 x 19. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu na yenyewe ikapenya kama skrubu kwenye ubao.

Lalamiko letu ni moja: boti ni nzito kuondoka. Tukiwa wawili inavumilika. Tukiwa wanne, tangi limejaa, nanga na kisanduku cha barafu vimo ndani, inainua omo, yaani pua yake, inakaa kitako, na inasukuma maji kwa muda mrefu kabla ya kupanda. Kupanda ndilo neno nitakalotumia kwa ule wakati boti inapoacha kulima maji na kuanza kuteleza juu yake.

Kitabu cha injini kinataka mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika mkono wa mafuta ukiwa umesukumwa mpaka mwisho. Hapo ndipo propela inapochaguliwa. Propela ni gia ya boti: ikiwa na pichi kubwa mno, injini inaelemewa kama gari linalopanda mlima kwa gia ya nne, haifiki kwenye mizunguko inapotoa nguvu zake zote, na kwa kuendeshwa hivyo mwaka baada ya mwaka inaumia. Pichi ikiwa ndogo mno, injini inapita kikomo chake. Kasi ya juu inakuja baadaye, yenyewe.

Sasa geji yetu ya mizunguko, tukiwa wawili, inasoma karibu 5,900. Kwa kipimo hicho propela iko sawa kabisa, na kila aliyeiangalia aliniambia hivyo hivyo: achana na propela, boti yako ni nzito tu. Mwili wangu ukiwa kwenye usukani unaniambia vingine. Injini inayozunguka 5,900 ina sauti yake, na hii haina.

Siku ya 3

Leo nimekaa na kalamu. Nilichokuwa nakitafuta ni mtelezo: tofauti kati ya umbali ambao propela ingesonga kwenye kitu kigumu na umbali ambao boti imesonga kweli.

Gia za chini zina meno 12 na 28, kwa hiyo injini ikizunguka mara 28, shafti ya propela inazunguka mara 12. Tulipokimbia, geji ilisoma 5,880. Gawa kwa 28, zidisha kwa 12, unapata mizunguko 2,520 ya propela kwa dakika. Pichi ya inchi 19 ni sentimita 48.26. Zidisha, na propela ingetakiwa kwenda mita 1,216 kwa dakika, sawa na kilomita 73 kwa saa. GPS ilitupa 50. Hiyo ni wastani wa kwenda na kurudi njia ileile, kwa sababu upepo na mkondo wa maji vinadanganya ukipima upande mmoja tu.

Kwa hiyo mtelezo ni asilimia 31.5. Boti nyepesi inayopanda vizuri huwa na mtelezo wa asilimia 10 hadi 20 ikiwa kwenye kasi ya juu. Mtelezo wenyewe si ugonjwa, bila mtelezo propela haisukumi chochote, lakini theluthi nzima ya safari kupotea njiani kuna sababu yake.

Sababu nilizoandika: bushi ya mpira ndani ya kitovu imeachia na inazunguka yenyewe, propela inanyonya hewa kutoka juu, chini ya boti kumeota mwani na magamba, au namba mojawapo kati ya hizi ni ya uongo.

Siku ya 4

Nimeondoa sababu tatu kwa siku moja.

Bushi: nilichora mstari mmoja mwembamba wa rangi kuanzia kwenye nati, ukavuka mpira, mpaka kwenye mwili wa propela. Tukatoka, tukakimbia mara nne mkono ukiwa mwisho, tukarudi. Kama mpira ungekuwa unaachia, vipande vya mstari visingetazamana tena. Vilikuwa vimenyooka kama nilivyovichora.

Kunyonya hewa: kunasikika. Injini inapaa ghafla, boti inalegea, povu jeupe linajaa nyuma. Kwetu sauti ilikuwa ileile mwanzo mpaka mwisho. Chini ya boti ni safi, nilipiga msasa na rangi mwenyewe.

Imebaki namba ya uongo. Pichi imechongwa kwenye chuma, meno ya gia yako kwenye kitabu, kasi inatoka GPS. Imebaki geji.

Siku ya 6

Nilikuwa na dalili mbele ya macho muda wote. Kitabu kinasema injini ikiwa inanguruma tu bila gia, iwe mizunguko 700 hivi. Geji yangu siku zote inaonyesha 850, na nilikuwa nimezoea.

Nimeazima kipima mizunguko cha mwanga. Nimefungua kifuniko cha injini, nikabandika kipande kidogo cha utepe unaong'aa juu ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, nikaifunga boti vizuri, gia ikiwa nyutro, nikawasha. Anayetaka kufanya hivi afunge nywele, avue shati lenye mikono mipana, na asiinamie flaiwili kwa sababu yoyote. Kipima mwanga kilisoma 710. Geji ilisoma 850. Nikaongeza mafuta kidogo: 1,500 kwa 1,800. Kila mara geji inazidisha kwa moja ya tano, bila kukosea.

Kosa la aina hiyo, linaloongezeka kwa uwiano uleule, lina maana. Geji za namna hii zinahesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwenye alteneta, kizalishaji cha umeme cha injini. Alteneta ya injini hii inatoa mapigo sita kwa kila mzunguko. Nyuma ya geji kuna kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi chenye namba 4, 5 na 6, ili geji moja itumike kwenye injini tofauti. Nikaichomoa kwenye dashibodi, nikaigeuza. Aliyeifunga aliiacha kwenye 5. Geji ilikuwa inapokea mapigo sita na kuyagawa kwa tano.

Nimesogeza kitufe mpaka 6. Ikasoma 710, sawa na kipima mwanga.

Rudi kwenye hesabu. Ile 5,880 ilikuwa kweli 4,900. Tukiwa wawili tu, tangi nusu, injini haifiki hata mwanzo wa mizunguko inayotakiwa. Na mtelezo ukihesabiwa upya unakuwa asilimia 18, namba ambayo mtu anaweza kuiamini. Nashukuru sikununua propela yoyote kwa kufuata geji ile. Ningekwenda upande usio wake.

Siku ya 7

Kuanzia leo ndipo mradi unaanza, kwa sababu leo ndiyo mara ya kwanza nina vipimo. Nimeweka masharti: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, njia ileile, kwenda na kurudi, na mizigo miwili. Mzigo mwepesi ni watu wawili na nusu tangi. Mzigo kamili ni watu wanne, tangi limejaa, nanga na barafu. Mzigo kamili ndio tunaotembea nao kila tunapotoka, kwa hiyo ndio utakaoamua.

Propela ya 19, mzigo mwepesi: 4,900, kilomita 50. Mzigo kamili: 4,550, kilomita 44, na sekunde 11 kutoka kusimama mpaka kupanda. Shemeji ndiye aliyeshika saa. Aliniuliza mara mbili kama nimeshasukuma mkono wote.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi moja ya pichi ukipunguza, injini inapata mizunguko 150 hadi 200. Kutoka 4,550 kufika ndani ya 5,000 na zaidi ninahitaji inchi tatu au nne. Nitapita kwenye 17 kwanza, kwa sababu nimepata ya mtumba ya kujaribia, na nataka kuona kanuni inavyofanya kazi kwenye boti hii.

Siku ya 12

Kubadilisha propela ni kazi ya dakika chache, ila utaratibu haukwepeki. Ufunguo nimeutoa, kamba ya kuzimia injini nimeichomoa, betri nimeizima. Kisha kipande cha mbao kati ya panga na bamba lililo juu yake, ili propela isizunguke nikilegeza nati. Mkono haushiki panga hata siku moja.

Propela ikatoka, na nyuma yake nikakuta uzi wa nailoni wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, mizunguko kama ishirini, umebanana mpaka umekuwa pete ngumu ya kijani. Nimeukata kwa kisu taratibu. Uzi wa namna hii unakula sili ya oili, maji yanaingia kwenye gia, na mwenye boti anajua siku oili inapotoka nyeupe kama maziwa. Nimefungua skrubu ya chini kidogo nikaangalia: oili bado ni safi. Tumewahi.

Washa ya nyuma inayobeba msukumo imerudi kwanza. Anayeisahau, kitovu cha propela kinasaga nyumba ya gia. Grisi kwenye meno ya shafti, propela, washa ya nje, nati kwa kipimo cha kitabu, pini mpya.

Majini: 5,340 mzigo mwepesi. Kanuni haikusema uongo. Lakini kuanzia mizunguko 3,500 boti nzima inatetemeka, mpaka chupa ya maji ilitembea yenyewe kwenye sakafu. Tukarudi.

Siku ya 13

Nimeitoa ile 17 na kuilaza kwenye meza ya kioo, uso wa nyuma ukiangalia chini. Panga moja lina pengo kwenye ukingo wa mbele, dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Nyuma ya pengo hilo, kwenye mgongo wa panga, alumini imechimbika vishimo vishimo kama imetafunwa.

Vishimo vile vimetokana na maji kuchemka. Maji yanapolazimishwa kupita ghafla kwenye ukingo ulioharibika, shinikizo linashuka mpaka maji yanageuka mvuke yakiwa baridi vilevile. Viputo vinasafiri sentimita chache, vinakutana na shinikizo la kawaida, vinaporomoka kwa nguvu, na kila kiputo kinang'oa chembe ya chuma. Mhandisi Charles Parsons alikutana na jambo hili alipoijaribu meli yake Turbinia mwaka 1894: turbini yake ya mvuke ilikuwa na nguvu tele, lakini propela moja ilichemsha maji badala ya kusukuma. Aliishia na shafti tatu na propela tisa ndogo. Watu wengi wanachanganya hali hii na kunyonya hewa. Hewa inatoka juu ya maji, mvuke huu unazaliwa kwenye panga lenyewe. Dawa zake ni tofauti.

Pengo dogo hivyo halitoshi kutikisa boti, kwa hiyo nikapima pichi ya kila panga. Namna ya kupima haihitaji kifaa cha fundi. Nilichora duara la nusu kipenyo milimita 115 kwenye karatasi chini ya propela, ambayo ni asilimia 70 hivi ya urefu wa panga kutoka katikati. Kutoka katikati nikachora mistari miwili iliyopishana nyuzi 30. Panga linapovuka mistari hiyo, unapima urefu wake kutoka mezani kwenye mstari wa kwanza, kisha wa pili, unatoa. Nyuzi 30 ni sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa hiyo zidisha tofauti hiyo kwa 12, umepata pichi.

Pichi 17 ni milimita 432, kila panga lingetoa tofauti ya 36. Panga la kwanza: 36. La pili: 36. Lenye pengo: 33.5. Yaani milimita 402, chini ya inchi 16. Mapanga mawili yanavuta kwa pichi 17 na la tatu linasuasua kwa pichi 15.8. Hapo ndipo mtetemo ulipokuwa, na kwa macho matupu propela ile ilionekana nzima.

Siku ya 17

Fundi amelinyoosha panga, akajaza pengo kwa kuchomelea. Ukingo nimeumalizia mwenyewe kwa tupa laini, nikipeleka tupa kufuata urefu wa ukingo, bila kuukata kwa kuvuka. Ukingo wa mbele nimeuacha na mviringo mdogo, si mkali kama kisu. Kisha msasa wa maji. Nikapitisha chuma kilichonyooka kwenye kitovu, nikakilaza juu ya ncha mbili: panga zito linashuka chini lenyewe. Nikapunguza chembe kwenye mgongo wa panga hilo, tena chembe, mpaka propela ikasimama popote nilipoiacha. Jioni nzima imekwenda hapo na sijutii hata dakika moja.

Siku ya 18

Propela ya 17 iliyonyooka. Mzigo mwepesi: 5,300, kilomita 51.2. Mtetemo umekwisha. Mzigo kamili: 4,950, kilomita 46, sekunde 8 kupanda.

Mtu angeweza kuishia hapa. Kasi imeongezeka, boti imechangamka. Lakini mzigo kamili bado uko chini ya 5,000.

Siku ya 20

Propela ya 15, mpya, alumini, mapanga matatu, kipenyo inchi 13 na robo. Mzigo mwepesi 5,750, kilomita 50.5. Mzigo kamili 5,350, kilomita 46.4, sekunde 6.

Shemeji hakuamini. Kwake pichi ndogo ni kasi ndogo, na amesoma mwenyewe GPS: tukiwa wanne, propela ya 15 imeishinda ya 19 kwa zaidi ya kilomita mbili. "Imewezekanaje, shemeji, wakati hatua yake ni fupi?" Nikamweleza kwamba hatua ni fupi ila miguu sasa inakimbia: na ile ya 19 injini ilikuwa inakabwa kwenye 4,550, nguvu zake nyingi zikabaki ndani. Nikamsimulia na habari ya Francis Pettit Smith, Mwingereza aliyejaribu boti yenye skrubu ya mbao mwaka 1837. Skrubu yake ilikuwa ndefu, inajiviringa mara mbili kamili. Ikagonga kitu, nusu ikakatika, na boti ikaongeza mwendo. Mwenyewe hakuwa ametarajia, lakini aliliona na akalifuata.

Ukilinganisha na ya 17, tumepoteza chini ya kilomita moja tukiwa wawili. Naitoa kwa moyo mweupe.

Siku ya 23

Sasa urefu wa injini. Nimeweka rula ndefu chini ya mkuku, uti wa chini wa boti, ikapita nyuma mpaka kwenye injini. Lile bamba la juu ya propela, linalozuia hewa isivutwe kutoka juu, liko milimita 50 chini ya mkuku. Ni chini mno. Chuma chote kile kinaburutwa majini bure na maji yanaruka mpaka kwenye viti vya nyuma.

Matundu ya boliti yamepishana milimita 19. Nimepandisha matundu mawili kwa mpigo, na hapa nilivunja sharti langu la kwenda kidogo kidogo. Mstari ulionyooka: safi, mizunguko 5,900, kilomita 52.3. Kwenye kona kali: injini ililia, geji ikaruka, kidhibiti cha mizunguko kikakata, boti ikalegea katikati ya kona. Propela ilikuwa imepata hewa. Ukiwa na watu wanne, tena wengine ni watoto, boti inayoachia maji kwenye kona haifai hata kama imeongeza kilomita kumi.

Siku ya 24

Nimeishusha tundu moja. Bamba liko milimita 31 chini ya mkuku. Mzigo mwepesi 5,850, kilomita 51.8, mtelezo chini kidogo ya asilimia 10. Kona zile zile, zote mbili, kulia na kushoto: imeshika. Mchirizi wa maji ya kupoozea unatoka kwa nguvu kwenye kasi zote, jambo la kuangaliwa kila injini inapopandishwa. Viti vya nyuma vimebaki vikavu.

Siku ya 27

Nimeazima pia ya mapanga manne, 13 x 15. Imepunguza mizunguko 120, na kasi ya juu imeshuka kidogo. Lakini inashika maji vizuri sana, na boti inabaki juu hata kwenye mwendo mdogo ambao ya matatu ingeshaiachia ikae kitako. Anayevuta watu kwenye ski au anayekaa kwenye mawimbi kila siku, ningemwambia aichukue bila kusita. Matembezi yetu ni ya maji matulivu, kwa hiyo nimerudi kwenye matatu.

Kuhusu chuma cha pua: mapanga yake ni membamba, hayapindi chini ya mzigo, na yangenipa kilomita moja au mbili. Tunapita kwenye maji mafupi yenye mawe. Alumini ikigonga jiwe, inapinda yenyewe na mshtuko mwingi unaishia hapo. Chuma cha pua hakipindi kirahisi, kinaupeleka mshtuko kwenye gia. Panga la alumini nimeshaona linavyonyooshwa mezani. Nabaki na alumini.

Siku ya 30

Kipimo cha mwisho ni cha upande wa pili: mtu mmoja, tangi karibu tupu, maji yametulia kama kioo, mkono mwisho. Nilitaka kujua kama siku nyepesi kuliko zote injini itapita 6,000. Ilifika 5,940, ikakaa hapo. Mzigo kamili, injini ikiwa kwenye tundu jipya, ni 5,430 na kilomita 47.3. Kwenye 4,000 tukiwa wanne, boti inabaki juu ya maji kwa kilomita 33 kwa saa na tunasikizana tukizungumza. Na ile ya 19, mwendo huo ilikuwa inakaa kitako.

Ile 17 iliyonyooshwa nimeifunga kwenye gunia chini ya kiti cha mbele, pamoja na nati, washa zote mbili, pini tatu, spana ya nati na kile kipande cha mbao. Ya 19 nimeiandika kwa rangi juu ya panga, mizunguko 4,900, watu wawili, ili atakayeichukua ajue imetoka wapi.